MVINYO WA BEAUJOLAIS NA TONTO YA BUGANDA: KILA KINYWAJI KINA CHAKULA CHAKE

Kila nchi yenye watu ina chakula chake, na kila chakula kina kinywaji kilichokua pamoja nacho. Mtu wa Teso huketi na wenziwe kuuzunguka mtungi wa malwa, kila mmoja na mrija wake. Mtu wa Buganda hupokea kibuyu cha tonto kwa mikono miwili. Mtu wa Ufaransa huweka chupa ya mvinyo mezani kati ya mkate na nyama. Ukiwatazama kwa haraka utadhani hawana linalowaunganisha, lakini wote watatu hufanya jambo moja: hunywa wakiwa wamekaa, hunywa pamoja na watu, na hunywa kitu ambacho wajua kimetoka wapi.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, habari za mvinyo mmoja wa Ufaransa uitwao Beaujolais, pamoja na vyakula vinavyouridhia. Hatusemi kwamba kila askari aache kinywaji cha kwao akanunue chupa ya kigeni. Mshahara wa askari twaujua. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana wengi wa jeshi letu wametumikia katika nchi zinazotumia lugha ya Kifaransa. Kati ya mwaka 2009 na mwaka 2017 walikuwa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati wakiwasaka waasi wa Kony, na mwishoni mwa mwaka 2021 waliingia mashariki ya Kongo. Huko, chupa yenye maandishi ya Kifaransa si jambo la ajabu, na mtu aelewaye maandishi yake hadanganywi kwa wepesi. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: mvinyo huu wafanana na tonto yetu kuliko tunavyodhani, na wenyewe wameulinda kwa namna ambayo sisi bado hatujailinda tonto.

Wasomaji wetu wasiokunywa, kwa ajili ya dini au kwa hiari yao, tunawaomba wasiugeuze ukurasa. Katika maelezo haya limo fungu lao pia.

NCHI YA BEAUJOLAIS NA ZABIBU ILIYOFUKUZWA

Beaujolais ni nchi ya vilima iliyoko mashariki ya Ufaransa, kaskazini ya mji mkubwa wa Lyon. Urefu wake ni kama kilomita 55, na mto Saône hupita upande wake wa mashariki. Katika nusu ya kaskazini udongo wake umetokana na mawe magumu ya matale, na katika nusu ya kusini ni udongo wa mfinyanzi na chokaa. Tofauti hiyo huonjeka katika bilauri: mvinyo wa kaskazini una nguvu na hudumu, na ule wa kusini ni mwepesi na hunyweka mapema.

Zabibu yake yaitwa gamay, nayo ina historia ya mkimbizi. Mwaka 1395 Mtawala wa Burgundy, Philippe, aliyepewa lakabu ya Jasiri, alitoa amri kwamba mizabibu ya gamay ing'olewe katika nchi yake. Alidai kwamba huzaa kwa wingi lakini mvinyo wake ni duni. Gamay haikufa. Ilipata makao kusini zaidi, katika vilima vya matale vya Beaujolais, ambako wenye mashamba ya fahari hawakuona faida, na huko ndiko ilikopata sifa. Hata leo karibu mvinyo wote mwekundu wa nchi hiyo hutengenezwa kwa gamay peke yake.

Namna ya kuutengeneza nayo yafaa ielezwe. Zabibu huchumwa kwa mikono, vishada vizima, na kutiwa katika pipa kubwa bila kupondwa. Zile za chini hupasuka kwa uzito wa zile za juu na kuanza kuchacha. Hewa itokayo katika kuchacha huko hulijaza pipa, na zabibu za juu huanza kuchacha zingali nzima ndani ya maganda yake. Kwa njia hiyo mvinyo hupata harufu tamu ya matunda, nao hauchukui ukakasi mwingi kutoka katika maganda. Ukakasi ni ule ukavu unaoushika ulimi mtu anapotafuna ganda la ndizi mbichi, au anapokunywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Mivinyo mingi mikubwa ya Ufaransa ina ukakasi huo, na hungoja miaka mingi mpaka upungue. Beaujolais hauna haja ya kungoja.

Kuna daraja tatu. Ya kwanza ni Beaujolais mtupu. Ya pili ni Beaujolais-Villages, utokao katika vijiji vilivyochaguliwa. Ya tatu na ya juu ni ile ya mahali kumi ambapo mvinyo hubeba jina la mahali penyewe: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Mvinyo wa Fleurie wasifiwa kwa ulaini wake; ule wa Morgon na wa Moulin-à-Vent una kifua zaidi na waweza kuwekwa miaka kadhaa.

MVINYO WA NOVEMBA

Lakini jambo lililoutangaza Beaujolais duniani ni mvinyo wake mpya. Zabibu huvunwa karibu na mwezi wa Septemba, na majuma machache baadaye mvinyo huwa tayari kunywewa. Tangu mwaka 1951 serikali ya Ufaransa iliruhusu mvinyo huo mchanga uuzwe mwezi wa Novemba, na tangu mwaka 1985 siku ya kuufungua ni Alhamisi ya tatu ya mwezi huo. Siku hiyo watu hukusanyika mijini na vijijini kuonja mavuno ya mwaka. Wenye kuujua mvinyo hawasemi kwamba huo mchanga ndio bora. Husema kwamba ni wa kufurahia mavuno, na kwamba ukiwekwa muda mrefu hupoteza uzuri wake.

Ndugu msomaji, maneno hayo hayakukumbushi kitu? Tonto nayo ni kinywaji cha siku zake. Ikipita siku chache yageuka kuwa chachu, wala hakuna mwenye busara anayeiweka akingoja iwe bora. Na mwezi wa Novemba ndio mwezi ambao sisi hapa Kampala huokota nsenene, tukazikaanga kwa mafuta yake zenyewe, kwa kitunguu na chumvi. Mfaransa wa Lyon na Mganda wa Masaka husherehekea mwezi mmoja, kila mmoja kwa kile ambacho ardhi yake imempa.

Kuhusu chakula, Lyon ndio mji ulioulea mvinyo huu. Wenyeji wake hutania kwamba mji wao una mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais. Zamani mji huo ulikuwa na wafumaji wengi wa hariri, watu maskini waliofanya kazi usiku kucha. Walipomaliza zamu yao asubuhi walikula chakula kilichoitwa mâchon: utumbo, miguu ya nguruwe, soseji, mkate na jibini, pamoja na mvinyo wa Beaujolais. Vyakula hivyo vilikuwa ni vile ambavyo matajiri hawakuvitaka. Ni sawasawa na katogo ya hapa kwetu, matoke yaliyopikwa na utumbo au maini, ambayo askari atokaye lindoni hula alfajiri pamoja na chai ya moto. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mvinyo wa Kifaransa ni wa mabwana peke yao, mwambie kwamba huu ulikuzwa na watu wa zamu ya usiku.

MVINYO ULIVYOFIKA KAMPALA

Katika Uganda mvinyo wa Ufaransa ulianza altareni kabla ya kufika mezani. Tarehe 17 Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitua Kigungu, karibu na Entebbe, wakitokea upande wa kusini wa ziwa. Walikuwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie katika Algeria mwaka 1868. Wenyeji walisikia neno la Kifaransa la kumwita padre, wakamwita Lourdel Mapeera, na jina hilo halijafutika mpaka leo. Mapadre hawawezi kuadhimisha misa bila mvinyo wa zabibu, na nchi hii haikuwa nayo. Mzabibu hupenda majira ya baridi ili upumzike, au majira marefu ya ukavu. Buganda ina mvua mara mbili kwa mwaka, na unyevu wake huleta ukungu katika majani na matunda. Kwa hiyo mvinyo ulipaswa kuletwa kutoka mbali. Jirani yetu aliyefaulu kulima zabibu za mvinyo ni Tanzania, na hata huko ni Dodoma, mahali pakavu.

Askari wanaokaa katika kambi za hapa mjini huishi juu ya historia hiyo. Wakatoliki wa zamani waliitwa Wafaransa na Waprotestanti waliitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda. Tarehe 24 Januari 1892 makundi hayo mawili yalipigana Mengo, na Kapteni Lugard, aliyekuwa katika ngome ya Kampala, alitumia bunduki yake ya Maxim dhidi ya upande ulioitwa wa Kifaransa. Mwaka 1895 waliletwa mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza, wakapewa Nsambya, ili watu waone kwamba mtu aweza kuwa Mkatoliki bila kuwa Mfaransa. Basi jina la Ufaransa lilikuwa jambo zito hapa mjini kabla ya chupa zake kuwa bidhaa ya madukani.

Lakini wageni hao hawakuwakuta watu wasiojua kunywa kwa adabu. Katika jumba la Kabaka palikuwa na mkuu wa jikoni, Kawuta, na mkuu wa pombe, Sseruti. Kazi hizo mbili zilikwenda sambamba, kwani ilijulikana tangu zamani kwamba mpishi na mtengeneza pombe humtumikia mlaji mmoja.

TONTO NI MVINYO WA MKOA

Tonto, ambayo Waganda huiita pia mwenge bigere, yaani pombe ya miguu, hutengenezwa kwa ndizi maalumu. Hizi si zile za matoke. Zipo mbidde, ambazo zikipikwa huwa chungu, na ipo kayinja, ipo pia kisubi. Ndizi hizo huivishwa kwa siku kadhaa katika shimo lililotandazwa majani na kutiwa joto. Kisha humenywa na kukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi, nazo nyasi hushika makapi na kuachilia maji matamu yaitwayo mubisi. Maji hayo yakichujwa ni kinywaji kizuri kisicho na kileo hata kidogo. Na hilo ndilo fungu tuliloahidi: Mwislamu, Mlokole na askari aliye zamu waweza kunywa mubisi siku ileile ulipokamuliwa, wakakaa meza moja na wenzao bila hofu.

Anayetaka tonto huongeza mtama uliokaangwa na kusagwa, akamimina yote katika mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, akaufunika kwa majani ya mgomba. Baada ya siku moja au mbili kinywaji huwa tayari. Mtama huleta rangi na ule uchungu mwembamba. Majani huleta harufu ya moshi na ya shamba. Katika arusi za jadi, familia ya kijana huleta vibuyu vya pombe kwa wazazi wa binti, na hapana mzee anayeuona ugeni huo kuwa umekamilika bila kibuyu.

Mambo yote tuliyoyataja katika Beaujolais yamo: tunda maalumu la mahali maalumu, kazi ya mikono, kinywaji kichanga kisichongoja, na watu wa kawaida walioulea. Kinachokosekana ni ulinzi. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa katika Mukono, ukaenea upesi katika nchi. Kayinja iliumia kuliko ndizi nyingi, kwa sababu wadudu hubeba vijidudu vya ugonjwa huo kutoka ua moja hadi jingine, na ua la kayinja huwapa mlango ulio wazi. Mashamba mengi yaling'olewa. Dawa ya mkulima ni kukata ua la dume kwa panda ya mti mara kichane cha mwisho kinapotokea, na kusafisha panga kwa moto au kwa dawa kabla ya kugusa mgomba mwingine. Askari wengi wana shamba nyumbani. Wakienda likizo wakawafundisha jamaa zao jambo hilo dogo, watakuwa wameilinda tonto kuliko kwa maneno mengi.

CHAKULA GANI KWA KINYWAJI GANI

Sasa tuje mezani. Kanuni yenyewe ni nyepesi: uchachu hukata mafuta, chumvi hulainisha uchachu, na ukali wa pilipili huongezwa na kileo kikali. Beaujolais una uchachu wa kutosha, ukakasi mdogo, na nguvu ya wastani, mara nyingi asilimia 12 au 13. Kwa hiyo hupatana na vyakula vyetu vingi kuliko mivinyo mizito.

Cha kwanza ni luwombo wa kuku. Husimuliwa kwamba chakula hiki kilianza jikoni kwa Kabaka Mwanga katika miaka ya 1880. Kuku hufungwa katika jani changa la mgomba lililopitishwa motoni, akapikwa kwa mvuke mpaka mchuzi wake uwe na harufu ya moshi. Mvinyo mwepesi mwekundu hauifuniki harufu hiyo. Tonto nayo yapatana nacho kwa njia nyingine, kwani chakula na kinywaji vyote viwili vimefunikwa kwa jani moja.

Cha pili ni matoke na mchuzi wa karanga. Karanga zina mafuta yanayokaa ulimini. Bilauri ya mvinyo wenye uchachu husafisha kinywa, na tonge lifuatalo likawa kama la kwanza. Cha tatu ni nyama ya kuchoma, iwe ya mbuzi au, kwa wanaoila, ya nguruwe. Watu wa Lyon huunywa mvinyo huu pamoja na nyama ya nguruwe tangu zamani, na moshi wa mkaa wa Kampala hauharibu mapatano hayo. Ila pilipili iwe ya kiasi. Cha nne ni nsenene, kwa sababu ya chumvi na mafuta yake. Cha tano ni kalo ya wimbi pamoja na eshabwe ya Ankole, ile samli iliyopigwa mpaka ikawa nyeupe. Hapa pia uchachu hufanya kazi yake.

Samaki ngege wa kukaanga huombea mvinyo mweupe, lakini kwa vile Beaujolais hauna ukakasi mwingi, mtu asiye na mwingine aweza kuutumia bila kuharibu mlo. Malakwang ya Acholi ni habari nyingine. Majani yake yana uchachu wake yenyewe, na kinywaji chachu kikikutana na chakula kichachu, kinywaji hupwaya. Hapo maji safi ndiyo mwenzi bora. Vitu vitamu kama keki na mandazi ya sukari huufanya mvinyo uonekane mkali, basi viachwe mpaka wakati wa chai.

Tahadhari moja zaidi. Wazungu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini walikuwa wakinena juu ya vyumba vya mawe vya nchi ya baridi. Chumba cha Kampala mchana ni cha moto mno. Beaujolais hupendeza ukiwa na ubaridi kidogo, nyuzi 12 hadi 14 hivi. Asiye na friji aweza kuiweka chupa katika ndoo ya maji baridi kwa nusu saa.

ASKARI NA BILAURI YAKE

Majeshi ya dunia yana kumbukumbu ndefu ya pombe, na si zote nzuri. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Ufaransa walipewa mvinyo katika posho yao: robo lita kwa siku mwaka 1914, nusu lita mwaka 1916, na robo tatu mwaka 1918. Waliuita pinard. Ulikuja pamoja na mkate na nyama, na wengi waliuona kuwa ni kipande cha nyumbani katika mahandaki. Lakini kulikuwako na kinywaji cha pili, pombe kali iliyokenekwa, ambayo iligawiwa kabla ya kushambulia. Kile cha kwanza kilikwenda na chakula. Hiki cha pili kilikwenda na hofu. Askari yeyote aliyewahi kungoja amri usiku atatambua tofauti yake.

Hapa kwetu tunayo waragi, na chanzo chake chahusu majeshi. Askari wa Kisudani wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert, walikuja na jamaa zao na desturi zao, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo. Araki, pombe ya kukeneka, ilitambulika katika kambi zao. Wapo wanaosimulia kwamba jina la waragi latokana na maneno ya Kiingereza ya jini ya vita. Lakini neno araki ni la Kiarabu, ni la zamani, na mtu akilitamka mara mbili atasikia waragi ikitoka ndani yake. Katika miaka ya 1960 serikali ilitunga sheria ya enguli, ili mwenye kukeneka awe na leseni.

Hatuilaumu waragi iliyotengenezwa kwa haki. Twalaumu namna tunavyoinywa: wima, upesi, tumbo tupu, bila chakula wala maongezi. Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Chupa nzima ya mvinyo, ambayo ni bilauri sita za watu wenye kula, ina kama mililita 94. Kichupa kidogo cha waragi cha mililita 200, chenye nguvu ya asilimia 40, kina mililita 80. Kijana akikimaliza kichupa hicho kwa dakika kumi amekunywa zaidi ya bia tatu, na chakula hakikuwapo kuizuia. Kisha apewe silaha, au usukani! Kileo kinachozidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu ni kosa barabarani, na askari wa trafiki anayewapima raia kwa kawunyemu hawezi kuwa wa kwanza kushindwa kipimo hicho.

Na hayo ni ya waragi halisi. Mwezi wa Aprili mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, watu wengi walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Methanoli haina rangi ya kuitambulisha wala ladha ya kumwonya mnywaji.

JINA NDILO ULINZI

Wafaransa nao walipita katika njia hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu aharibuye mizizi aliangamiza mizabibu yao, na wadanganyifu wakajaza soko kwa mvinyo wa maji, sukari na rangi. Mwaka 1907 wakulima wa kusini waliandamana kwa maelfu. Serikali ikapeleka majeshi, na watu wakauawa kwa risasi katika mji wa Narbonne. Mwezi huohuo ilipitishwa sheria ya kuzuia mvinyo wa bandia. Mwaka 1935 ikafuata sheria ya majina ya mahali, ambayo husema kwamba mtu hawezi kuandika jina la mahali katika chupa ila kama zabibu zimetoka mahali hapo na kazi imefanywa kwa kanuni zilizowekwa. Beaujolais ulipata ulinzi huo mwaka 1937.

Kwa hiyo askari akiishika chupa ya Kifaransa, atazame mambo matano: jina la mahali, maneno appellation contrôlée, yenye maana kwamba jina hilo limethibitishwa, mwaka wa mavuno, nguvu ya kileo kwa asilimia, na jina la aliyetia mvinyo chupani. Hapa Uganda, tangu mwaka 2019, vinywaji vya kileo vya viwandani vyapaswa kuwa na stempu ya kodi, na mwaka huohuo waragi ya vifuko vya plastiki ilipigwa marufuku. Polisi anayekagua duka asidhani kwamba anatafuta kodi tu. Chupa isiyo na stempu wala jina yaweza kuwa ndiyo ya Kabale.

Tonto haina jina lake katika sheria, wala hatujui ni kijiji gani kitakachokuwa Morgon au Fleurie yetu. Lakini mlango upo. Mnywaji aweza kuuliza ndizi ni za aina gani, zilikamuliwa lini, na kwa nani. Mtengenezaji mwaminifu hafichi majibu, na anayeficha amekwisha kujibu.

Basi ndugu zetu wa Mbuya, Bombo, Nsambya na Naguru, atakayekunywa na akae chini kwanza. Apakuliwe chakula, ajue jina la kilichomo ndani ya bilauri yake, na anywe na watu ambao kesho atawatazama usoni bila aibu. Atakayekunywa mubisi naye asogezewe kiti pale pale. Na zamu ikifika, meza iachwe kama ilivyo. Chakula kitapashwa moto, na wenzake watamngoja.